Matundu Sita ya Ukuta wa Mama

3 Machi

Bisibisi mdogo wangu,

Habari za huko milimani? Sisi tupo, tunapumua, tunagombana kidogo, mambo ya kila siku. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta. Nimemwambia unavaa. Basi vaa, nisije nikaonekana mwongo.

Mguu wake ni ule ule. Tangu aanguke hawezi kwenda mbali zaidi ya kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani, na hata hapo lazima nimshike. Ila mdomo haujapata ganzi hata kidogo. Jana mteja wangu alikuja kujaribu gauni la harusi, Mama akapaza sauti kutoka chumbani kwake kwamba mabega yamekaa vibaya. Hakuwa amemwona. Alisikia tu yule binti anavyoguna. Na kweli, mabega yalikuwa yamekaa vibaya.

Cherehani inakwenda. Siku hizi nikimaliza gauni nampiga mteja picha uani, mbele ya ukuta wako, ule uliotujengea kuzuia udongo wa kilima. Mwaka jana niliupaka rangi nyeupe, sijui kama nilikuambia. Picha zinatoka safi mpaka watu wanadhani nina studio.

Jambo lenyewe ni dogo. Kuna ufa kwenye huo ukuta, mkabala na dirisha la Mama, kama usawa wa goti langu. Ni mwembamba, uzi wa kushonea hauingii. Haukusimama, umelala. Mvua ndiyo kwanza zimeanza. Mama amesema nisikuandikie, eti ukuta wa mwanawe hauwezi kufanya upuuzi, kwa hiyo nakuandikia kwa siri. Ni wa kuogopa huu, au ni rangi tu?

Dada yako

14 Machi

Shikamoo Dada,

Na Mama mfikishie shikamoo yake, mwambie sweta ninalo. Barua yako imefika leo na lori la chakula, imelowa pembeni lakini inasomeka. Usinipigie simu, huku kambini simu ni ya kusikilizia muziki tu. Kazi inaendelea. Wenzangu wanachimba handaki, mimi nakwenda nyuma yao na chupa na saa, napima maji yanayodondoka kwenye mwamba: matone mangapi kwa dakika, na kama ni maji safi au yenye tope. Ndiyo kazi yangu nzima. Ukimwambia mtu kwamba mdogo wako analipwa kuhesabu matone atacheka, lakini handaki likitaka kuanguka, matone ndiyo yanayosema kwanza.

Sasa ufa. Ufa uliosimama mara nyingi haunisumbui, ni ukuta unakauka, au unatanuka kwa jua na kunywea kwa baridi. Uliolala ni habari nyingine. Ni ukuta unaotaka kukunja kiuno. Sisemi ndivyo ulivyo. Nasema tuupime.

Tafuta kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole. Kibandike kivuke ufa, saruji kidogo juu na saruji kidogo chini. Usiweke karatasi. Karatasi ina subira, kioo hakina. Ukuta ukisogea unene wa unywele, kinapasuka, na hapo tutajua. Andika tarehe kwa penseli pembeni.

Na yale mabomba sita niliyoyapitisha chini ya ukuta, vile vitundu, yanatoa maji mvua ikinyesha? Nijibu hilo tu.

Bisibisi

27 Machi

Bisibisi,

Barua yako imenifikia nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Mama mzima. Amepata rafiki mpya, redio. Wanabishana asubuhi hadi jioni, na redio haijawahi kushinda.

Kioo nimekibandika. Nilitumia kile cha picha yako ya kumaliza chuo, fremu ilianguka zamani. Kwa hiyo sasa umelinda ukuta wako mara mbili. Mama alikuwa ananitazama dirishani, akauliza ninafanya nini, nikasema napamba. Kioo ni kizima mpaka leo, siku ya tisa, na mvua imenyesha siku sita kati ya hizo.

Ila ukuta unatoka jasho. Rangi imefura malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji. Mteja mmoja ameegemea, gauni limelowa mgongoni, ikabidi nilipige pasi upya huku namchekesha. Unisaidie jambo moja: kwa nini ukuta wa mawe na saruji uogope maji? Si chumvi ule. Udongo ulio nyuma yake umekaa pale miaka minne na hatukusikia neno.

Nakimbia, kuna suti inanisubiri.

Dada

8 Aprili

Shikamoo Dada,

Hukunijibu kuhusu mabomba. Nimeisoma barua yako mara tatu nikidhani nimeruka mstari.

Umeuliza kwa nini ukuta uogope maji. Mimina sukari mezani. Inasimama kilima kidogo, sivyo? Chembe zinashikana, zinabebana zenyewe. Weka kitabu kando ya kilima, sukari itakiegemea kidogo tu. Udongo mkavu uko hivyo, sehemu kubwa unajibeba wenyewe. Sasa mimina maji mezani. Kilima kiko wapi? Maji hayajui kujibeba. Yanasukuma chini na yanasukuma pembeni kwa nguvu ile ile. Ukuta kama wetu, nyuma yake kukijaa maji hadi juu, unasukumwa zaidi ya mara mbili ya siku za ukavu.

Na chini ndiko kubaya zaidi. Chukua kopo, litoboe matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja karibu na kitako. Liweke ukingoni mwa meza, ulijaze maji. Utaona lipi linarusha mbali. Ndiyo maana mabomba niliyaweka chini kabisa, maji yapate mlango kabla hayajawa mengi.

Maji ya ardhini nayo huchelewa. Mvua ya leo inaweza kuufikia ukuta wiki ijayo, jua likiwa linawaka na watu wameanika nguo. Usihesabu mawingu, hesabu ukuta.

Tundika uzi wenye uzito juu ya ukuta, uache uning'inie, upime nafasi iliyopo kati ya uzi na ukuta kule chini. Na Mama umhamishie chumba cha mbele. Mwambie unapaka rangi, mwambie panya, mwambie chochote. Kitanda chake kiko hatua mbili kutoka pale.

Mabomba yanatoa maji? Nimepiga mstari chini ya swali hili.

Bisibisi

19 Aprili

Bisibisi,

Salamu zako zimefika. Hapa tupo.

Nimefanya la kopo. Nilitoboa kopo la mafuta kwa mkasi, nikalijaza jikoni. Tundu la juu lilitiririsha tu, la chini lilirusha maji hadi mlangoni. Mama akauliza ninaosha nini. Nilisimama nikilitazama mpaka maji yakaisha.

Kioo kimepasuka. Sijui lini. Jumanne kilikuwa kizima, Alhamisi kimekatika katikati kama mtu amekikata kwa almasi. Uzi nimeutundika, nilifunga mkasi wangu mkubwa. Juu uzi unagusa ukuta, chini uko mbali kwa vidole viwili.

Mama hataki kuhama. Nimemwambia rangi, akasema anapenda harufu ya rangi. Nimemwambia panya, akasema amelala na baba yenu aliyekuwa anakoroma miaka thelathini, panya ni nini. Nikasema ukuta, akanikata: "Ukuta ule kaujenga mwanangu kwa mikono yake. Usiniambie habari za ukuta." Akageukia redio. Siku mbili hakunisemesha vizuri.

Mabomba yapo sawa.

Na mimi nina swali langu. Fundi rangi aliniambia ukuta uliojazwa kokoto nyuma hauna shida, maji yanapita kwenye kokoto yanashuka chini yanakwenda zake, vitundu ni urembo tu. Wewe uliweka kokoto nyuma, si ndiyo? Mama anasema lori zima.

Naogopa, mdogo wangu. Nikisikia mvua inagonga paa natoka kuangalia.

Dada

28 Aprili

Shikamoo Dada,

Barua yako ilikwama bondeni, daraja lilikuwa limefunikwa na maji. Pole kwa kusubiri.

Nimekaa na karatasi na kalamu. Kama mabomba yapo sawa, kama unavyosema, basi ukuta haujabeba maji. Kioo kimepasuka kwa sababu udongo wetu ni mfinyanzi, na mfinyanzi ukilowa hufura, ukikauka hunywea. Vidole viwili ni vingi, lakini huenda nilijenga ukiwa umelala kidogo tangu mwanzo. Mabomba yakiendelea kudondosha, usiogope. Mwache Mama alale kwake, usimpandishe presha bure.

Kuhusu kokoto, si Mama amekwishakuambia.

Nikipata likizo mwezi wa saba nitakuja kuuona.

Bisibisi

3 Mei

Dada,

Leo sina salamu. Naandika kabla hujajibu ile ya mwisho, na naomba hii iipite njiani.

Mtoe Mama mle chumbani. Leo hii. Mbebe kama hataki.

Msimamizi aliniambia niwafundishe waajiriwa wapya kuhusu kuta za kuzuia udongo. Nikachora ukuta ubaoni, nikachora mabomba, nyuma nikajaza kokoto, vizuri kabisa, kijiwe kwa kijiwe. Kuna mwashi mtu mzima, amejenga kabla mimi sijazaliwa, akanyoosha mkono: "Na kokoto zisipopatikana, fundi?" Kwa heshima tu. Nikaweka chaki chini. Nilisema tutaendelea kesho.

Hakuna kokoto nyuma ya ukuta wa Mama. Lori lilitakiwa kuja Ijumaa, likakwama, na mimi Jumatatu nilitakiwa kuripoti kazini. Nilirudishia udongo ule ule tulioutoa, nikashindilia, nikafunga mawe kidogo kwenye vipande vya gunia nikaziba navyo midomo ya mabomba kwa ndani. Nilijiambia mabomba sita yanatosha, na yangetosha. Kisha Mama akanisifu mbele ya watu, mwanangu kaweka lori zima, na mimi nikacheka nikanywa chai. Miaka minne sijaweza kulisema.

Mabomba ndiyo kila kitu, Dada. Yakiziba hata mawili, ukuta huo hauna kingine. Ndiyo maana nilikuwa nauliza vile. Nilitaka mabomba yanisitiri.

Nisamehe. Mtoe Mama.

6 Mei

Bisibisi,

Nimepata yako ya tarehe 28. Umeandika, "Mabomba yakiendelea kudondosha, usiogope." Nimeusoma mstari huo nimesimama uani, na mabomba hayapo.

Niliyaziba. Ndiyo hivyo. Mwaka jana, nilipopaka rangi. Yalikuwa yanaacha michirizi ya kutu na ukijani, kila picha ya bibi harusi ina michirizi sita nyuma yake kama mtoto aliyetokwa kamasi. Fundi rangi alisita. Aliuliza, nyuma kuna kokoto? Mama akajibu kutoka dirishani, lori zima. Akasema basi haina neno, akaziba kwa saruji, akapaka, ukawa mweupe pe. Kila ulipouliza nilitaka kukuambia. Lakini ulikuwa umeupa Mama ukuta ule, na mimi niliuharibu kwa ajili ya picha. Nikaandika mabomba yapo sawa. Mkono wangu huu.

Nikaingia kwa Mama, nikakaa kitandani, nikamwambia: "Mama, nimeziba matundu. Maji yamejaa nyuma. Kosa si la ukuta, ni langu." Nilijua atanitukana. Badala yake akasema, "Basi nitoe." Tu. Mimi na fundi rangi tumembeba na godoro lake, sasa yuko chumba cha mbele kati ya vitambaa, anapanga vifungo kwa rangi na kunisumbua.

Kisha tukatoboa. Tulisimama pembeni na nondo ndefu na nyundo, si mbele, nilikumbuka kopo. Tundu la kwanza lilitoa matone, halafu likarusha maji ya tope hadi ngazi ya jikoni. La pili vilevile. Manne yaliyobaki yametoa udongo tu, laini, kama dawa ya meno. Tumechokonoa mpaka mikono imekufa. Hayataki.

Mvua imekata tangu jana. Ufa sasa unaingiza kidole.

Dada

13 Mei

Bisibisi mdogo wangu,

Mama ni mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Ukuta umeanguka Jumatano, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali, nimeanika mashuka. Nilikuwa napiga pasi. Sauti haikuwa kubwa kama nilivyodhani, kama mtu anaburuta kabati chumba cha pili. Ulijikunja pale pale kwenye ufa, sehemu yote ya juu ikaingia kwa dirisha la Mama. Kiti chake cha dirishani hakipo. Kitanda cha chuma kimepinda katikati, na mahali anapoweka kichwa pamelala jiwe ambalo wanaume wawili wameshindwa kulinyanyua. Mama alikuwa mbele anampimia mteja vifungo. Akauliza, "Kimeanguka nini?" Nilikwenda nikamshika miguu, ule mzima na ule mbovu, nikalia.

Majirani wamekuja, na kila anayeingia Mama anamwambia ukuta ulikuwa mzima kabisa, ni huyu dada yake aliyeuziba pumzi. Nimekubali. Ni kweli.

Lakini tulipoanza kuondoa kifusi niliona. Mfinyanzi, mfinyanzi, mfinyanzi, na vifurushi sita vya gunia. Niliokota kimoja nikakificha kwenye sanduku la cherehani, kabla Mama hajaletwa kuangalia. Jumamosi barua yako ya tarehe 3 ikafika, siku saba njiani. Iliuacha ukuta uanguke kwanza.

Mama akasema nimsomee. Nikasoma nikaruka. Akasema, "Umeruka." Nikasoma yote.

Akazima redio. Kisha akasema: "Lori halikufika. Siku zile nilikuwa nasimama, nilisimama dirishani Ijumaa nzima namwona mwanangu anachungulia barabara. Jumamosi akaanza kurudishia udongo. Alikuwa anafanya haraka, kichwa chini."

Nikamuuliza, sasa Mama, kwa nini ulisema lori zima? Akasema fundi rangi alimuuliza mbele ya watu, yeye angesema nini, kwamba mwanawe kaegemeza udongo kwa udongo? Nikamuuliza, nikiwa nimekasirika sasa, nakwambia nilipaza sauti: ulijua, na ukakataa kuhama? Na kioo kimepasuka, na mimi nimepiga magoti?

Akasema, "Ningehama, mngejua siuamini."

Nimekuwa na hasira siku tatu. Na wewe, na yeye, na mimi mwenyewe zaidi. Nimeandika barua mbili nyingine nimezichana. Kila mmoja wetu alishika kipande chake na kukificha, na ukiviweka pamoja mezani jibu lilikuwa pale tangu Machi. Siku ya kuhamisha godoro nilikuwa nusura nisubiri hadi Jumapili ili nimalizie suti.

Sasa njoo. Usingoje mwezi wa saba, mwonyeshe msimamizi wako barua hii. Uani kumekuwa wazi, udongo umesimama mtupu, nimeufunika na turubai na mawe. Mama tumemhamishia mbele moja kwa moja, wateja wanampenda kuliko mimi. Ameniambia niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipambe, kwa hiyo haya ni yake:

"Mwanangu, nilikuona siku ile. Nilinyamaza kwa sababu ulipomaliza ulicheka, na ulikuwa hujacheka tangu tumzike baba yako. Njoo ujenge. Matundu weka kumi na mawili, yachafue ukuta yanavyotaka. Lori lisipofika, usijenge, kaa tule, tungoje. Safari hii nitawekwa uani kwenye kiti na nitahesabu mimi mwenyewe kila karai la kokoto."

Anauliza pia kama kweli ulikuwa unavaa sweta. Safari hii mjibu mwenyewe.

Dada yako